Mbiu ya Mgambo: Uzuri na Asili ya Majina ya Filamu za Kiswahili

Utangulizi



Kamsamba ni kata ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Mto Momba hupita hapo ukielekea ziwani, na daraja lake huiunganisha Kamsamba na Kilyamatundu iliyo upande wa Mkoa wa Rukwa. Lugha zinazosikika majumbani ni Ichiwanda na Kinyamwanga, pamoja na lugha za wafugaji waliohamia na mifugo yao. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Kutoka Dar es Salaam, ambako filamu nyingi za Tanzania huandaliwa, hadi Tunduma mpakani na Zambia ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Tunduma bado ipo safari ya kushuka bondeni. Mahali kama hapo, filamu haitanguliwi na picha. Iwe imekuja kwa kanda ya VHS ya zamani, kwa CD iliyofuata, au kwa kadi ya simu kama ilivyo leo, hutanguliwa na jina, lililoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa banda la video au lililotajwa na mtu aliyeitazama kwanza.

Kwa sababu hiyo mhadhara huu unaanzia Kamsamba. Mtu aliye mbali na bango la barabarani hana cha kumsaidia isipokuwa sikio lake, na sikio hilo ni mizani nzuri ya kupimia jina la filamu. Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ilipopigwa, watu waliacha majembe na kukusanyika kwa sababu walijua kuwa nyuma ya mlio kuna habari inayowahusu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina la filamu ni mbiu ya namna hiyo. Mlio wake peke yake hautoshi kulifanya jina zuri. Uzuri hutokana na jambo ambalo msikilizaji analitambua, au anashikwa na hamu ya kulijua, kabla hajaiona picha.

Mlio na jambo: Mogambo na Hatari

Hollywood imewahi kukopa sauti za Kiswahili, na mifano miwili inatosha kuonyesha tofauti baina ya mlio na jambo. Mwaka 1953 ilitoka filamu ya John Ford iliyopigwa picha Afrika Mashariki na kuitwa Mogambo. Ilisemwa kuwa hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya ashiki. Hakuna neno hilo katika Kiswahili. Habari inayosimuliwa katika historia ya sinema ni kwamba jina lilipatikana kwa kubadili herufi moja ya jina la klabu ya usiku ya Hollywood iliyoitwa Mocambo. Neno la Kiswahili lililo karibu nalo kwa sauti ni mgambo, na hapo pana kejeli isiyokusudiwa: pembe ililia dunia nzima, na wenye lugha walipokusanyika hawakukuta jambo.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1962, ilitoka filamu ya Howard Hawks kuhusu wakamata wanyama wa kaskazini ya Tanganyika, akiigiza John Wayne. Jina lake lilikuwa Hatari! Neno hili limetoka katika Kiarabu, likakaa katika Kiswahili kwa karne nyingi, na hata leo mtoto anayeanza kusoma hulikuta kwenye nguzo za umeme chini ya fuvu la kichwa. Mgeni alivutiwa na ugeni wa sauti, na mwenyeji aliipata maana nzima bila msaada wa mtu. Kukopa neno, basi, si kosa. Kosa ni kukopa sauti na kuwaacha nje wenye maana.

Sentensi inayomdai msikilizaji

Ndani ya Tanganyika yenyewe, filamu za majaribio ya elimu zilizotengenezwa kati ya mwaka 1935 na 1937, zenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, zilitajwa kwa masomo yake: kodi, ngozi, mmomonyoko wa udongo, malaria ya watoto. Majina hayo yalikuwa sahihi, lakini yalimwambia msikilizaji kila kitu kwa mara moja na hayakumwachia swali.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilipotengenezwa filamu za hadithi kwa Kiswahili. Miongoni mwa majina yake ni Muhogomchungu, Chalo Amerudi, Juma Matatani na Meli Inakwenda. Katika Muhogomchungu aliigiza kijana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Majina haya hayajachakaa, na sarufi inaweza kueleza kwa nini.

Chukua Chalo Amerudi. Ni sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu, lakini haitoshelezi. Kiambishi -me- hutaja tendo lililokwisha ambalo hali yake bado ipo: Chalo yuko hapa sasa, mlangoni. Mara moja maswali yanazuka. Alikuwa wapi? Amerudi na nini? Nani alimngoja, na nani hakutaka arudi? Kama jina lingekuwa Chalo Alirudi, jambo lingekuwa limepita na kufungwa. Silabi moja ndiyo inayomketisha mtazamaji. Juma Matatani nalo hufanya kazi kwa kiambishi cha mahali: matata yamefanywa kuwa pahala, na Juma yumo ndani yake kama mtu aliyenaswa kisimani. Jina halisemi kama atatoka.

Muhogomchungu ni la aina nyingine. Limepewa mtu wa shamba anayekutana na ulaghai wa mjini, na linategemea maarifa ya jikoni. Kila anayelima muhogo anajua kuwa ule mchungu si wa kuliwa vivi hivi. Sharti ulowekwe na kuanikwa, la sivyo humdhuru mlaji. Mtu aliyeitwa hivyo ameletwa mjini akiwa bado hajalowekwa. Maelezo hayo hayakuhitaji kuandikwa popote, kwa kuwa wasikilizaji walikuja nayo kutoka nyumbani.

Utaratibu wa kuacha jambo nusu uliendelea baada ya uhuru. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilitoa katika miaka ya 1970 filamu iliyoitwa Fimbo ya Mnyonge. Kirai hiki ni kiima kisicho na kiarifu: fimbo ya mnyonge ni nini? Filamu nzima ilikuwa jibu, na jibu hilo lilikuwa ujamaa. Mtu anaweza leo kulikubali jibu au kulikataa; swali lenyewe halijazeeka.

Nsyuka na Maangamizi

Sehemu iliyo nzito zaidi ya suala hili inahusu Nyanda za Juu Kusini. Baada ya kuanza kwa filamu za video katikati ya miaka ya 1990, ambapo Shamba Kubwa ya mwaka 1995 hutajwa miongoni mwa za mwanzo, Mussa Banzi alitoa filamu ya kutisha iliyoitwa Nsyuka. Jina hilo lilienea nchini. Watoto waliliogopa bila kuiona filamu, na wengi hawakujua limetoka wapi.

Limetoka katika Kinyakyusa. Mzizi wake umo katika kitenzi chenye maana ya kufufuka. Unsyuka ni mmoja, abasyuka ni wengi, kama vile Kiswahili kisemavyo mtu na watu. Mofimu n- iliyobaki mwanzoni mwa jina la filamu ni ndugu wa m- ya ngeli ya kwanza. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya abasyuka: ni wazee waliokufa ambao bado wamo katika ukoo, wanaoombwa, wanaoheshimiwa, wanaokasirika wanaposahauliwa. Filamu ilimchukua mzee huyo wa ukoo na kumfanya zimwi la kukimbiwa. Hata sauti yake ilisaidia, kwani mfuatano wa konsonanti n, s na y si wa kawaida katika Kiswahili, na ugeni wa matamshi huongeza woga.

Kama mbiu, jina hili lilifaulu kupita kiasi. Lakini linaleta swali la maadili ya lugha. Msikilizaji wa Kamsamba hazungumzi Kinyakyusa, hata hivyo anaishi karibu na wanaokizungumza. Anapolisikia neno hilo likirudi kutoka Dar es Salaam likiwa limevuliwa heshima, anajifunza kuwa lugha za nyumbani huingia katika sanaa ya taifa kupitia mlango wa vitisho: uchawi, mizimu na majini. Kiswahili kimekua kwa kupokea maneno kutoka kwa jirani zake. Neno linapopokelewa bila maana yake, mkopeshaji hupoteza kitu na mkopaji hapati kitu kamili.

Yapo mapokezi ya namna nyingine. Mwaka 2001 filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Maangamizi, ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Jina linatokana na kitenzi angamia, likapitia angamiza, likafika kwenye nomino ya kutisha kuliko nyingi za Kiswahili. Katika filamu, jina hilo amepewa mhenga wa kale, mwanamke anayekuja kuponya. Mgonjwa wake, aliyeigizwa na Profesa Amandina Lihamba, anaitwa Samehe, yaani kitenzi katika hali ya kuamuru. Kati ya majina hayo mawili ndimo hadithi inamopita: kutoka maangamizi hadi msamaha. Nsyuka ililichukua jina la mhenga ikalipa zimwi; Maangamizi iliichukua nomino ya kutisha ikampa mhenga. Zote mbili ni za kukumbukwa, lakini ya pili imeirudishia lugha kitu.

Mlango wa Kiingereza

Katika muongo wa kwanza wa karne hii majina ya Kiingereza yalitawala makasha ya filamu ambazo ndani yake watu walizungumza Kiswahili. Girlfriend ya mwaka 2003 ilifungua njia, nayo ilikuwa na hoja, kwa kuwa ndivyo vijana wa mjini walivyosema. Zilifuata nyingi, hasa za Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012: Dar 2 Lagos, Oprah, Uncle JJ. Lawama nyepesi haifai hapa. Watengenezaji walishindana na filamu za Naijeria zilizokuwa zimejaa madukani, na walitaka soko lililovuka mipaka.

Hata hivyo, jina Dar 2 Lagos lina mchezo wa tarakimu ambao humwonekea msomaji wa Kiingereza peke yake. Likitamkwa, sikio la Kiswahili husikia tu, lenye maana ya pekee, na safari iliyokusudiwa inapotea. Watazamaji walipata dawa yao wenyewe: badala ya kutaja jina, walisema "ile ya Kanumba". Mwigizaji akawa jina la filamu. Hiyo ni sifa kubwa kwake, na wakati huohuo ni ushahidi kwamba pembe ililia bila jambo. Kwenye mabanda ya video, wasimulizi kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walikuwa wakifanya kinyume chake: walichukua filamu za kigeni, Titanic ikiwamo, na kuzisimulia upya kwa Kiswahili. Filamu ya nje iliingia kwa Kiswahili wakati filamu ya nyumbani inatoka na jina la Kiingereza.

Methali iliyokatwa

Kurudi kwa majina ya Kiswahili kumeleta kazi nzuri. Tamthilia ya televisheni Siri ya Mtungi, ya mwaka 2012, imechukua nusu ya methali na kuiacha nusu nyingine mdomoni mwa msikilizaji: aijuaye kata. Anayeimaliza methali ameshaanza kutazama, maana anajiuliza kata ni nani ndani ya nyumba hiyo.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotolewa mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ni funzo la tafsiri pia. Kwa Kiingereza iliitwa Tug of War, mchezo wa kuvutana kamba. Maana ipo, ila watu wametoweka. Katika Kiswahili, vuta ni amri kwa wewe. N'kuvute ni dhamira ya mimi, nikiwa na wewe ndani ya kitenzi kilekile. Kitenzi kimoja kimewabeba wapendanao na wanaogombana, mkoloni na mtawaliwa. Kupunguzwa kwa ni- kuwa n' kunabakiza hata mwendo wa sauti ya Unguja. Huko Kenya, filamu ya Mbithi Masya ya mwaka 2016 imetumia takriri ya kawaida kabisa, Kati Kati, kutaja mahali walipo wafu ambao hawajaondoka. Neno ambalo kila mtoto analijua limebeba swali ambalo hakuna mzee aliyelijibu.

Hitimisho

Imeonekana kuwa majina yanayodumu hayakutafutwa mbali. Yametoka katika kiambishi cha wakati, katika chakula, katika methali iliyokatwa, katika neno la ukoo. Yote yanamhesabu msikilizaji kuwa mtu mwenye kitu cha kuongeza.

Imebaki kazi, na inawafaa wanafunzi waliopo hapa. Majina yaliyochapishwa kwenye makasha yamehifadhiwa kwa kiasi. Majina ambayo watazamaji wenyewe wamezipa filamu hizo hayajakusanywa ipasavyo. Mwanafunzi atokaye Momba anaporudi likizo na aketi na waliokuwa wakiingia mabandani, awaulize zile filamu waliziita nini, kwa Kiswahili, kwa Ichiwanda, kwa Kinyamwanga, na ayaandike majibu kabla kumbukumbu hazijafifia. Huenda ikaonekana kwamba baadhi ya majina mazuri ya filamu za Kiswahili hayakutungwa na waliozitengeneza. Yalitungwa Kamsamba, na watu waliosikia mlio usio na jambo, wakautilia jambo lao.