Kila Kitu cha Mtoto na Mahali Pake
Mazungumzo na wazazi na walezi wa Mgeta

Tunashukuru kwamba mmeziacha bustani zenu za kabichi na karoti ili mtusikilize. Leo hatukuja kuzungumzia bei za sokoni wala mizani ya mfanyabiashara. Tumekuja kuzungumzia jambo la ndani ya nyumba ambalo humgusa mlaji mfukoni kila mwaka, na ambalo likipuuzwa laweza kumdhuru mtoto wake: mahali pa kuweka vitu vya watoto.

Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne. Hata hivyo, sare, viatu, mkoba na madaftari bado hutoka mfukoni mwa mzazi, na hapa Mgeta mfuko huo hujazwa na mboga. Sweta likipotea au daftari likilowa, mzazi hununua tena kitu alichokwisha kukinunua. Kitu kisicho na mahali hununuliwa mara mbili.

Tuanze na unyevu. Lugha yetu hutumia neno moja, ukungu, kwa wingu lishukalo mlimani na kwa kuvu ilayo nguo na vitabu. Katika milima hii ya Uluguru, la kwanza huleta la pili. Basi vitu vya mtoto visilale sakafuni wala visiegemee ukuta. Ubao mmoja uliowekwa shubiri moja kutoka ukutani hutosha kuwa rafu. Madaftari yakae katika ndoo kavu yenye mfuniko. Sare isikunjwe kabla haijakauka kabisa, hasa wakati wa masika. Viatu vilivyolowa vijazwe karatasi kuukuu na kuwekwa penye hewa. Vikisogezwa karibu na meko, soli hupasuka. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki viwekwe katika bahasha ya plastiki, ndani ya sanduku la mzazi. Hivyo si vya kukaa kwenye mkoba wa shule.

Pili, tutazame kimo cha mtoto. Mara nyingi tunamgombeza mtoto kwa kutupa sweta lake, ilhali msumari wa kulitundikia uko juu ya kichwa cha baba. Pigeni vigingi vya mti, vyenye ncha butu, mahali ambapo mkono wa mtoto hufika. Kila mtoto awe na kigingi chake na kikapu chake, vyote vikiwa na alama ya uzi wa rangi yake. Hata asiyejua kusoma ataijua rangi yake. Tena tukumbuke kwamba mtoto wa Kiluguru hana nyumba moja tu: yupo kwao, yupo kwa bibi, yupo kwa mjomba. Kigingi kimoja kwa bibi kitaokoa sare nyingi. Hakuna haja ya kununua kabati. Tenga kuukuu lililooshwa vizuri na kuanikwa juani hufanya kazi hiyo.

Sasa tunaomba tusikilizane kwa makini zaidi. Wengi wetu tuna chumba kimoja kinachohifadhi kila kitu: mbegu, mbolea, bomba la kupulizia, dawa za wadudu na nguo za watoto. Humo ndimo ilimo hatari kubwa kuliko zote. Kabla hamjapanga vitu vya mtoto, ondoeni sumu. Dawa za shambani zikae katika sanduku lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala, mbali na chakula. Msizimimine kamwe katika chupa ya soda au ya maji, wala msifanye hivyo kwa mafuta ya taa. Mtoto huijua chupa kwa umbo lake, hasomi kilichomo. Msiweke nguo wala vitabu katika mifuko iliyobeba mbolea au dawa. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake.

Dumu dogo la dawa lina umbo zuri la gari la kuchezea, na mtoto huliona hivyo kabla ya mzazi. Kwa hiyo chombo kikiisha dawa, kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba la kupulizia, kisha kitobolewe ili kisitumike tena.

Mtoto akishika au akinywa dawa, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni, na mkimbizeni katika kituo cha afya pamoja na chombo chenye lebo. Msimlazimishe kutapika. Mate mengi, jasho, kutapika na kupumua kwa shida ni dalili zisizongoja kesho.

Ulinzi huu huanzia dukani. Nunueni dawa katika chombo chake halisi, kilichofungwa na chenye lebo inayosomeka. Msikubali kupimiwa katika chupa. Ukanda mwekundu kwenye lebo huonya juu ya sumu kali zaidi. Daini risiti, ya dawa na hata ya viatu vya shule, na iwekeni katika ile bahasha ya vyeti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mlaji, lakini malalamiko yenye risiti husikilizwa kwa wepesi zaidi.

Ndugu zetu, mkirudi nyumbani jioni hii, msianze na kigingi wala rafu. Chungulieni kwanza uvunguni mwa kitanda anacholalia mtoto. Kama kuna dawa, itoeni leo. Vigingi mtapiga kesho.