Hotuba ya Mbunge Mpya kwa Waliomchagua



Mulinitoa kwenye daftari za mgodi, mukanituma Kinshasa. Nilikuwa karani, nitaendelea kuhesabu. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa kodi ya kuchimba madini hivi: katika kila faranga 100, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za mtaa au usultani wenye mgodi, 10 za wajukuu wetu. Nitadai hesabu hiyo isomwe mbele ya watu.

Fedha ikifichwa, maskini humshitaki jirani yake. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Je, kuondoka kwao kuliongeza mshahara wa nani? Umoja wa inchi ni kugawa kwa haki. Nikisahau, munionyeshe daftari.