Milia ya Mahindi: Ugonjwa Usiotoka Kwenye Mbegu

Mazungumzo kwa wakulima wa kata za Kilema kuelekea msimu wa masika



Kaya nyingi za Kilema huishi kwa mashamba mawili. Juu kiko kihamba chenye migomba, kahawa na zizi la ng'ombe. Chini, tambarare, liko shamba la mahindi na maharage. Shamba la chini ndilo linalotoa unga wa mwaka, na mabua yake hupandishwa mlimani kuwa malisho wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo, mahindi yanapougua, hasara huwa mbili: huguswa chakula cha watu, na huguswa chakula cha mifugo.

Miongoni mwa magonjwa yanayoleta hasara hiyo ni ugonjwa wa milia. Huanza kwa vidoa vidogo vyeupe au vya njano chini ya jani changa. Baadaye vidoa hivyo huungana, vikawa mistari myembamba iliyokatika-katika, inayofuata mishipa ya jani kwa urefu. Dalili ya kuutambua ni hii: majani yaliyokwisha kuchanua kabla ya maambukizi hubaki kijani, na milia huonekana katika majani yanayochipua baadaye. Mmea hudumaa, na gunzi huwa dogo au halijai punje.

Wakulima wengi wakiona mistari hiyo husema kwamba ardhi imechoka, wakanunua mbolea zaidi. Ni kweli kwamba upungufu wa madini ya zinki nao huleta michirizi. Lakini michirizi hiyo huwa mipana, hutanda karibu na shina la jani, na kwa kawaida hulikumba eneo zima la shamba. Ugonjwa wa milia hushika mmea mmoja hapa na mwingine pale, huku jirani yao akiwa mzima. Fedha ya mbolea ikitumika kuutibu ugonjwa huu imepotea, kwa kuwa chanzo chake ni kirusi.

Kirusi hicho hakirithiwi kupitia punje, wala hakikai udongoni. Hubebwa na mdudu mdogo wa jamii ya chawajani, mwenye urefu wa milimita zipatazo tatu, arukaye upesi jani linapoguswa. Mdudu akifyonza utomvu wa mmea mgonjwa huchukua kirusi. Baada ya saa kadhaa huweza kukiingiza katika mmea mzima, na uwezo huo hudumu naye hadi afe.

Sehemu kubwa ya maarifa hayo ilipatikana si mbali na hapa. Ugonjwa ulikwisha kuelezwa katika maandishi huko Natal, Afrika Kusini, mwaka 1901. Mtaalamu H. H. Storey ndiye aliyethibitisha huko Afrika Kusini, katika miaka ya 1920, kwamba unaenezwa na mdudu. Mwaka 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Hapo, mwaka 1932, alionyesha kwamba si kila chawajani wa aina hiyo huweza kueneza kirusi: wapo wenye uwezo na wapo wasio nao, na uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Mwaka uliofuata alieleza kwamba mdudu asiye na uwezo, akitobolewa utumbo kwa sindano nyembamba, huanza kuambukiza. Kwa hiyo ukuta wa utumbo ndio mlango ambao kirusi lazima kiupite.

Jambo linalomhusu mkulima moja kwa moja ni makazi ya mdudu huyu. Mahindi ni nyasi, na ulezi, ngano na miwa ni ndugu zake. Nyasi nyingi za porini na za pembezoni mwa mifereji huhifadhi mdudu na kirusi wakati mashamba yakiwa matupu. Nyasi hizo zinapokauka, wadudu huhamia palipo na majani laini. Shamba lililopandwa likichelewa, pembeni mwa mahindi ya jirani yaliyokwisha kukomaa, huwa ndilo kimbilio lao. Mmea ulioambukizwa ndani ya wiki tatu za kwanza unaweza usitoe chochote; ulioambukizwa baada ya wiki nane hupata madhara machache.

Kwa hiyo kinga ni kazi ya majirani wote wa bonde. Yafaa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, wenye mashamba yanayopakana wapande kwa pamoja mvua za kwanza za masika zinapotosha ardhi.

Pili, ichaguliwe mbegu yenye ukinzani, yenye lebo ya TOSCI. TMV-1 na Staha ni miongoni mwa mbegu zilizozalishwa nchini zikilengwa kuvumilia ugonjwa huu. Muuzaji aulizwe wazi kuhusu ukinzani kabla ya fedha kutolewa.

Tatu, nyasi za mipakani na za kingo za mifereji zifyekwe kabla ya kupanda, na pawepo ukanda mtupu wa mita kama 10 kati ya mahindi mapya na ya zamani.

Nne, miche inayoonyesha milia mapema ing'olewe. Inaweza kulishwa ng'ombe, maana kirusi hiki hakidhuru mnyama wala binadamu. Isipokuwa pale iliponyunyiziwa sumu.

Tano, dawa ya wadudu isinunuliwe kwa matumaini ya kuponya. Hakuna dawa inayoutibu mmea ukishaambukizwa.

Ipo tahadhari moja zaidi. Mwaka 2011 uliibuka Bomet, Kenya, ugonjwa mwingine unaoua mahindi haraka, na mwaka 2012 uliripotiwa Arusha na Mwanza. Huo husababishwa na virusi viwili kwa pamoja, na majani hukauka kuanzia kingoni hadi mmea mzima kufa. Tofauti na milia, huo huweza kubebwa na mbegu kwa kiasi kidogo. Shamba lenye dalili hizo lisipandwe mahindi msimu unaofuata, bali maharage au viazi, na mbegu yake isigawiwe kwa jirani.

Mwenye mashaka asingoje mavuno. Apeleke majani yenye dalili kwa Ofisa Ugani wa kijiji chake wiki ileile anapoyaona, kwa kuwa katika wiki hizo za mwanzo ndipo miche michache iliyong'olewa huweza kuliokoa shamba lililobaki, na la jirani pia.