Kiingereza cha Juu kwa Wote: Je, Masomo Hulegea?



Shule ya upili ya Evanston, jimbo la Illinois nchini Marekani, ilikuwa ikiwatenga wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mikondo. Waliofaulu zaidi waliingia darasa la Kiingereza la juu. Desemba 2010 bodi ya shule iliamua kuwachanganya karibu wote katika mtaala mmoja wa kiwango hicho. Alama ya heshima sasa ingetokana na kazi ya mwanafunzi, si dawati aliloketi.

Wazazi wengi walipinga, na hofu yao haikuwa ya bure. Mwalimu mwenye msomaji hodari na mwingine anayesuasua katika chumba kimoja hushawishika kufundisha wa katikati. Jina la darasa likibadilika na kazi ibaki ile ile, hapo masomo yamelegea kweli.

Rockville Centre, jimbo la New York, ilikwenda polepole, ikawapa wanaosuasua vipindi vya ziada. Katika hisabati, waliofaulu waliongezeka na hodari hawakurudi nyuma.

Nchini Kenya, mtahiniwa wa shule ya kitaifa na wa shule ya kutwa hufanya Kiingereza kile kile cha KCSE, karatasi tatu. Mwaka mmoja wa mikondo haubadilishi hilo. Basi mzazi anapoitwa mkutanoni aulize: mtoto huandika insha ngapi kwa muhula, na nani huzisahihisha?