Wingu Lisilosogezwa na Upepo



Leo hatuzungumzii visima wala mbuzi. Tunataka kuwaeleza jambo tulilofunzwa na mzee mmoja mfugaji. Gari letu lilikwama usiku kati ya Elwak na Rhamu. Sisi wenye vyeti hatukujua hata kaskazini ni wapi. Mzee yule aliinua fimbo, akasoma nyota, akatuonyesha njia. Kisha akatuonyesha kiwingu hafifu, akasema hicho hakisogezwi na upepo. Tuliporudi mwaka uliofuata alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Wanawe walituambia hawakujifunza nyota zile. Hasara hiyo ndiyo iliyotuleta kwenu.

Hebu tukitafute kiwingu chenyewe. Mwanzoni mwa Desemba, usiku usio na mbalamwezi, saa mbili hivi, zimeni taa mngoje robo saa macho yazoee giza. Tazameni kaskazini. Mtaona nyota tano zilizopangwa kama herufi M. Ncha yake ya kushoto ndiyo ya juu zaidi. Nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha pima ngumi moja na nusu kwenda juu ya ncha hiyo. Hapo ndipo kilipo.

Kumbe si wingu! Ni galaksi ya Andromeda, yaani mkusanyiko wa nyota mabilioni na mabilioni, umejiviringisha kama maziwa ndani ya chai inayokorogwa. Abdurrahman al-Sufi, mtaalamu wa Uajemi, aliiandika habari yake mwaka 964. Lakini ilikuwa miaka ya 1920 ndipo Edwin Hubble wa Marekani alipothibitisha kwamba iko mbali sana, nje ya kundi letu la nyota. Sisi nasi tumo katika galaksi ya namna hiyo hiyo. Ule mkanda mweupe unaokatiza mbingu ndio galaksi yetu, tukiitazama tukiwa ndani yake. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na bado ule wa Andromeda umesafiri miaka milioni 2.5 mpaka kutufikia.

Basi, faida yake nini? Nyota hazileti mvua, tusidanganyane. Lakini zinaonyesha njia na majira. Jirani zetu Waborana wana wataalamu waitwao ayyantu, ambao huhesabu miezi ya mwaka kwa kuangalia mwezi wa angani umekaa karibu na nyota zipi. Elimu ya namna hii haimo katika ofisi yoyote. Imo vichwani mwa wazee.

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo mawili. Kwanza, mwalikeni mzee usiku mmoja awafundishe vijana. Pili, katibu aandike majina ya nyota kwa lugha yenu, katika daftari lile lile la michango. Pesa ikipotea hutafutwa. Mzee akiondoka na elimu yake, tutamuuliza nani?