Dhahabu Haiongezi Umri wa Saa Janja

Teknolojia ya kuvaliwa, yaani vyombo vya kielektroniki vinavyofungwa mkononi, kuvishwa kidoleni au kuvaliwa machoni ili kupima mwenendo wa mwili na kupokea mawasiliano, huuzwa kwa sura mbili: kama zana ya afya na kazi, na kama pambo la kifahari. Sura hii ya pili inastahili kuchunguzwa, kwa sababu humtaka mnunuzi alipe bei ya kitu cha kudumu kwa ajili ya chombo ambacho mtengenezaji wake anajua kwamba kitapitwa na wakati upesi.

Mfano ulio wazi zaidi ni saa janja ya kwanza ya kampuni ya Apple ya Marekani, iliyoingia sokoni Aprili 2015. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuwaajiri wakuu wawili wa kampuni za mitindo, Paul Deneve, aliyeiongoza Yves Saint Laurent, na Angela Ahrendts, aliyeiongoza Burberry. Saa ikaonyeshwa katika duka la Colette mjini Paris wakati wa wiki ya mitindo, na mwanamitindo Liu Wen akaivaa kwenye jalada la jarida la Vogue nchini China. Saa ya bei ya chini iliuzwa kwa dola 349, ilhali ile ya dhahabu ya karati 18, maana yake dhahabu ambayo robo tatu ya uzito wake ni safi, ilianzia dola 10,000 na kufikia 17,000. Hata hivyo, kichakataji, ambacho ndicho kiini kinachoendesha kazi zote za chombo, kilikuwa kilekile katika saa zote mbili.

Matokeo yake yalionekana mapema. Septemba 2016 saa ya dhahabu iliondolewa katika orodha ya bidhaa, na mwaka 2018 mfumo endeshi mpya, yaani programu kuu inayowezesha programu nyingine kufanya kazi, haukuweza tena kuwekwa katika saa yoyote ya toleo lile la kwanza. Aliyelipa dola 17,000 na aliyelipa dola 349 walifikia ukomo siku moja.

Historia ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton iliuza Pulsar, saa ya kwanza ya mkononi iliyoonyesha wakati kwa tarakimu zinazowaka, ikiwa katika kasha la dhahabu kwa dola 2,100. Kufikia mwaka 1976 Texas Instruments ilikuwa ikiuza saa za tarakimu zenye kasha la plastiki kwa dola 20. Elektroniki hushuka bei kadiri viwanda vinavyojifunza kuitengeneza kwa wingi, na kasha la thamani haliwezi kuuzuia mwenendo huo.

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa thamani ya dhahabu, kwa kuwa bangili, mikufu na vipuli anavyopewa bibi arusi Lamu, Mombasa au Unguja huhesabiwa kuwa akiba yake, ambayo huweza kuuzwa kwa uzito siku ya dhiki au kurithiwa na binti na mjukuu. Anasa ya kweli husimama juu ya msingi huo wa kudumu na kurithika. Betri ya lithiamu ya saa janja, ambayo hupoteza sehemu ndogo ya uwezo wake kila inapochajiwa, haina urithi wa namna hiyo.

Baadhi ya wenye viwanda walitambua tofauti hii na kutafuta njia ya uaminifu zaidi. Tangu mwaka 2015 nyumba ya mitindo ya Hermès ya Ufaransa imetengeneza mikanda ya ngozi kwa ajili ya saa ya Apple, na mkanda huweza kufunguliwa na kufungwa kwenye saa mpya, hivyo kazi ya fundi haitupwi pamoja na kichakataji. Mwaka huohuo TAG Heuer ya Uswisi iliuza saa janja ya dola 1,500 na kumwahidi mnunuzi kwamba baada ya miaka miwili angeweza kuongeza kiasi kama hicho na kuibadilisha kwa saa ya mitambo, ambayo fundi anaweza kuitengeneza kwa miongo mingi.

Kwa hiyo uzuri wa vyombo hivi si kosa, na mtu ana haki ya kutamani kilicho kizuri mwilini mwake. Kosa ni kuficha umri. Kila tangazo linalotumia lugha ya vito lingepaswa kutaja, kando ya bei, idadi ya miaka ambayo programu itaendelea kuboreshwa na iwapo betri inaweza kubadilishwa; na mnunuzi, awe Paris au Dar es Salaam, anapaswa kuuliza maswali hayo mawili kabla ya kuuliza rangi ya kasha.