MSUMENO WA MNYORORO: MANENO KWA WANAOKATA MARA MOJA MOJA

(Haya ni maelezo ya mwanachama mwenzetu aliyewahi kufanya kazi ya kuangusha miti. Aliyatoa mbele ya wanachama kabla ya kura ya kununua msumeno wa chama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokosa mkutano. Tafadhali usichane karatasi.)



Nimeombwa niseme juu ya msumeno wa mnyororo, huu ambao vijana wanauita chensoo, kwa sababu chama kinataka kununua mmoja uwe unaazimwa wanachama. Sikuja kupinga. Migrivea na mikaratusi tuliyopanda mipakani imekomaa. Wapasuaji wetu wa msumeno wa mkono wamezeeka, na kijana wa leo atakubali kushuka shimoni avute msumeno kutwa nzima, unga ukimwingia machoni? Hakubali. Kwa hiyo msumeno utakuja Vugiri, chama kinunue kisinunue. Mimi nasema juu ya mtu wa kuushika.

Wengi mnaniona nachechemea mkadhani niliumia kazini. La. Kazi ile nilianza mwaka 1984, nikakaa nayo miaka kumi na minne, kila siku mti, kila siku gogo, na sikupata jeraha hata moja la kushonwa. Nikaacha mwaka 1998. Mwaka 2001, siku ya Jumapili, shemeji yangu akaniomba nimkatie mgrivea mmoja tu uliolalia banda la ng'ombe. Msumeno ulikuwa wa kuazima. Mwenye nao akanambia breki ya mnyororo ameifunga kwa waya, ati inasumbua. Nikasema, aa, mti wenyewe ni mmoja. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mti niliuangusha vizuri, watu wakapiga makofi. Balaa lilikuja wakati wa kupunguza matawi. Ncha ya msumeno iligusa tawi jingine lililojificha nyuma ya lile nililokuwa nakata, msumeno ukaruka. Sikusikia maumivu. Niliona tu suruali imechanika juu ya goti la kushoto, halafu damu. Mke wangu akakunja khanga, akaikandamiza kwa mikono miwili, na hakuiachia mpaka tumefika Korogwe. Ile barabara ya kushuka mnaijua. Daktari alisema bila ile khanga nisingefika.

Miaka kumi na minne ya kila siku, hakuna kitu. Jumapili moja, mguu. Mnajua mabondia wa ridhaa, wanaopigana bila kuwa ndiyo kazi yao? Siku ile na mimi nilikuwa mkataji wa ridhaa. Mikono ilikumbuka kazi, lakini tahadhari ilikuwa imelala. Na sisi wanachama, tukiazimana msumeno huu, wote tutakuwa wa ridhaa, mtu akate Januari, aje akate tena Agosti.

Sasa niwaeleze kwa nini unaruka. Mnyororo ukiwa kwenye resi kamili unakwenda zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Upande wa chini wa ubapa unauvuta msumeno kwenda mtini, upande wa juu unakusukuma wewe nyuma. Lakini ile robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu, meno hayapati pa kwenda, basi ubapa wote unanyanyuka kuja usoni au begani. Unanyanyuka kabla macho hayajauambia mkono. Ndiyo maana mapema miaka ya 1970 watengenezaji wakaanza kuweka breki ya mnyororo, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Kwa hiyo mkono wa kushoto ushike mshikio wa mbele na kidole gumba kikiwa kimezunguka chini yake, kiwiko kinyooke, na usisimame moja kwa moja nyuma ya ubapa. Msumeno usipite mabega. Hakuna kupanda nao ngazi. Hakuna mkono mmoja.

Kuangusha mti kwetu huku si sawa na kuangusha kwenye tambarare. Kwanza tazama mti umelalia wapi, upepo unatoka wapi, kuna tawi kavu juu? Halafu fyeka njia yako ya kukimbilia, iende nyuma kwa upande, isiwe nyuma kabisa ya mti. Mti wa sentimita 40, mdomo unakatwa upande wa kuangukia, kina sentimita 8 mpaka 10. Ndipo unakuja nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, unakata kuelekea mbele lakini HUMALIZI. Unaacha utepe wa mti wa sentimita 4 hivi, mpana upande hadi upande. Utepe huo ni bawaba, kama ya mlango, na ndio unaouongoza mti. Anayeikata bawaba yote ameuachia mti uamue wenyewe. Mti ukikataa kwenda, piga kabari. Usiende kuusukuma na ndugu zako.

Kwenye mteremko, ikiwezekana, mti ulale kukata mteremko, usielekee bondeni. Ukielekea bondeni unaanguka mbali zaidi, unapasuka, na unaweza kuteleza mpaka kwenye nyumba ya mtu. Watu wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 20, watu mita 40, na upande wa chini kusiwe na mtu kabisa, hata mtoto wa kuokota kuni. Wakati wa kukata magogo simama upande wa juu, maana gogo halisemi kabla ya kubingirika. Na gogo lililokaa kama daraja, ncha zote mbili zikiwa zimeegemea, juu linajibana na chini linavutika. Ukikata kutoka juu tu msumeno utabanwa. Anza juu kidogo, kisha malizia kutoka chini taratibu.

Nije kwenye tupa, kwa sababu hapa ndipo watu wa ridhaa wanaposhindwa. Mwaka 1946 huko Oregon, Marekani, mkata miti mmoja anaitwa Joseph Cox alimwona funza wa mbawakawa ndani ya kisiki. Funza yule alikuwa anatafuna mti mbichi kwa urahisi, akikata kushoto na kulia kwa meno yake mawili. Cox akatengeneza mnyororo wa namna hiyo, jino la kushoto, jino la kulia. Mnyororo tulio nao leo ni mtoto wa ule. Sasa mtu anakuja na tupa, mkono wake mmoja una nguvu, anayanoa meno ya upande mmoja zaidi. Msumeno unaanza kukata kwa kupinda, naye anaulaumu msumeno! Hesabu misuguano: ukipiga mitatu huku, piga mitatu kule, kwa tupa ya mviringo yenye unene unaolingana na mnyororo wako. Angalia kinachotoka: chembe nene, mnyororo ni mkali, unga kama wa sembe, ni butu. Butu ndiyo ya hatari, kwa sababu inabidi uukandamize.

Mafuta si mengi ya kueleza. Petroli tupu inaua injini siku hiyo hiyo. Kwa oili nzuri ya kuchanganya, lita 5 za petroli mililita 100 za oili, ila soma kibandiko cha chupa. Oili ya mnyororo ina tangi lake. Injini ipoe kabla ya kujaza, na mwenye sigara akae na sigara yake mbali.

Kupasua mbao. Hapa natofautiana na vijana. Msumeno wa mnyororo ukiushika mkononi hivi hivi na kupasua gogo, njia yake ni kama milimita 8. Mbao ya inchi moja ni milimita 25. Maana yake kila mikato mitatu umegeuza mbao nzima kuwa unga. Msumeno wa mkono hauli nusu ya hapo. Basi wetu uangushe na ukate magogo, mbao ziachiwe wazee wa shimoni wakati bado tunao, au tununue fremu ya kuongozea ubapa angalau mbao zitoke sawa.

Kuna aliyeuliza habari ya mashine ya kukatakata matawi iwe mbolea. Matawi yetu yanakwenda jikoni, majani yanakwenda kwa ng'ombe na kwenye matuta. Tutailisha nini? Na mashine ile ikishika mkono wa shati haiachii. Tuache.

Juu ya vibali sitarefusha. Ndani ya msitu wa hifadhi usiingie na msumeno huu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haitakuuliza kama ni wako au wa chama. Hata mti wa shambani kwako, kama mbao zinasafiri, muone kwanza ofisa misitu.

Shauri langu kwa kura ni hili. Msumeno usiazimwe. Uende pamoja na mkataji wake na mwenzake mmoja, wanachama wawili tutakaowachagua, na malipo yao yawe ndani ya kodi ya msumeno. Wapelekwe wakajifunze, Olmotonyi karibu na Arusha kuna chuo cha misitu, na Moshi kuna cha viwanda vya misitu, tuandike barua tuulize gharama. Na kama fedha za msimu huu hazitoshi vyote, tuanze kununua ile suruali yenye nyuzi za kuzuia mnyororo, kofia ngumu yenye wavu na vizibo vya masikio, na buti. Msumeno tungoje chai ijayo. Najua wapo watakaocheka kwamba chama kimenunua suruali. Wacheke.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapa ofisini na tupa mbili na mnyororo wa zamani, kwa anayetaka kujifunza kunoa. Asije na kandambili.